Mama Alivyozionja Chupa Zangu Tano

Kwa miaka arobaini na minne niliamini kwamba mama yangu hajui hata harufu ya pombe. Nilikuwa na sababu zangu. Nilipokuwa darasa la tano, fundi aliyekuja kutuezekea jikoni alisahau chupa ya bia iliyobaki nusu kando ya tangi la maji. Mama aliishika kwa jani la mgomba, mkono ameunyoosha mbali na mwili kama mtu aliyebeba nyoka mfu, akaenda nayo mpaka chooni akaitumbukiza pamoja na lile jani. Halafu akanawa mikono mara mbili. Kanisani alikuwa kiongozi wa akina mama, na wasichana waliokaribia kuolewa waliletwa kwake wapewe mawaidha.

Kwa hiyo nilipopata kazi katika hoteli kubwa Nairobi, nilimwambia kwamba nahudumia mezani. Haukuwa uongo. Nilichoacha kumwambia ni kwamba baada ya mwaka wa tatu hoteli ilinipeleka kwenye mafunzo, na kwa miaka kumi na sita iliyofuata mimi ndiye niliyekuwa mtu wa mvinyo pale. Nilichagua chupa za kununua, nikawaeleza wageni ni ipi itakubaliana na nyama yao, nikaonja na kutema, kuonja na kutema. Kila nilipokuja nyumbani likizo nilipiga mswaki stendi kabla ya kupanda boda boda.

Hoteli ilipopunguza wafanyakazi nilirudi Makueni. Nilikuwa na nyumba ndogo niliyojenga Nunguni, nyuma ya soko, nikaanza kuoka mikate na keki za harusi. Mama aliishi kule chini bondeni, mwendo wa dakika ishirini kwa pikipiki, katika boma aliloachiwa na baba.

"Hebu nieleze kitu," rafiki yangu mmoja aliniambia siku moja alipokuja kuchukua mkate. Ni mwalimu, tulisoma naye shule ya msingi. "Watu wanasema kule Nairobi ulikuwa unauza baa."

"Baa?"

"Mimi huwa nawakatalia. Lakini hata mimi sijui nikatae nikisema ulikuwa unafanya nini."

Nilikasirika kuliko nilivyoonyesha. Nilimwambia aje Jumamosi alasiri na mume wake, nitawaonyesha kazi niliyokuwa nikifanya. Nikamwalika pia daktari wa mifugo wa eneo letu, mwanamume mpole wa makamo, ambaye wakati fulani aliniuliza kwa nini waini nyekundu hazina ladha moja ilhali zote ni zabibu.

Swali lake ndilo lililonipa mpango. Nilimpigia mwenzangu wa zamani wa hoteli, naye akanitumia chupa tano kwa gari la vifurushi. Tatu zilikuwa za aina moja moja ya zabibu: Cabernet Sauvignon, Merlot na Cabernet Franc. Mbili zilikuwa michanganyiko kutoka Bordeaux kwenyewe, kule Ufaransa, ambako wakulima hawategemei aina moja. Wanapanda kadhaa, wanaandaa mvinyo wa kila moja peke yake, kisha wanachanganya. Upande wa kushoto wa mto wao anayetawala mchanganyiko ni Cabernet Sauvignon, mgumu, mwenye ukakasi unaokausha ulimi kama chai ya rangi iliyochemka kupita kiasi. Upande wa kulia anatawala Merlot, ambaye ni laini zaidi. Cabernet Franc huingia kote kote kama msaidizi, na harufu yake ya majani mabichi. Nilitaka wageni wangu waonje kwanza zile zilizo peke yake, halafu wazitafute ndani ya michanganyiko.

Nilizifunga chupa zote kwa gazeti ili lebo zisionekane, nikaziandika nambari kwa kalamu nene. Moja, mbili na tatu zingekuwa zile za aina moja moja. Nne na tano, michanganyiko. Nilipokuwa katikati ya kufunga, muuza nyama alinipigia kuuliza kama nataka mbavu au mguu wa mbuzi. Nikatoka nje kufuata netiweki, tukabishana kidogo juu ya mafuta, nikarudi nikaendelea kufunga.

Siku yenyewe niliichagua kwa hila. Jumamosi hiyo mama alikuwa na mkutano wa akina mama wa kanisa huko Kasikeu, wa kutwa nzima, na angekwenda na shangazi. Huyu shangazi alikuwa dada mkubwa wa baba, mjane wa Kitui, aliyekuja kukaa na mama wiki mbili akisubiri kupasuliwa jicho hospitalini. Nilimjua tangu utotoni. Kila Agosti tulikwenda kwake, ng'ambo ya Mto Tiva, tukimpelekea mahindi na maharagwe, nami nililala kitanda kimoja na binti zake. Hata baba alipofariki mama hakuacha kutuma. Nilijua, basi, kwamba wote wawili watakuwa mbali. Hata hivyo nilifunga mapazia ya upande wa barabara.

Wageni walikuja saa nane na nusu. Nilipanga glasi, mkate wangu, maparachichi, nyama ya kuchoma iliyokatwa vipande vidogo, na katikati ya sakafu nikaweka ndoo ya plastiki.

"Hiyo ndoo ni ya nini?" akauliza mume wa mwalimu. Ana duka la mbao na misumari, na alikuja amevaa koti kama anayekwenda benki.

"Ya kutemea."

"Nimetoka nyumbani nije kutema?"

"Unaonja, unazungusha mdomoni, unatema. Ndiyo kazi yenyewe. Ukimeza zote tano, ya mwisho hutaijua."

Alinitazama kwa huzuni ya kweli. Mwalimu akacheka mpaka akashika ukuta.

Lakini walijaribu, na walikuwa hodari kuliko wageni wengi niliowahudumia. Nambari moja, mwalimu alisema inanuka penseli iliyochongwa sasa hivi. Daktari akasema inamkausha mashavu. Nambari mbili ilikuwa plamu zilizoiva, wote walikubaliana, zile zinazouzwa kwa ndoo kule Mbooni. Kwenye nambari tatu walisitasita. Niliwaambia wanuse vizuri, watafute harufu ya majani au pilipili hoho. Wakanusa. Mume wa mwalimu akasema haoni hoho yoyote, anaona penseli tena. Nilimwambia avute pumzi polepole zaidi. Kusema kweli, mimi mwenyewe sikuwa nimeonja hata moja. Nilikuwa nazunguka, namimina, naeleza, najisikia niko tena ndani ya sare yangu, na nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeijua tangu nirudi.

Ndipo hodi ikabishwa, na kabla sijajibu mlango ukafunguliwa.

Mama alisimama pale na kitambaa cheupe cha kanisa kichwani, Biblia kwapani. Nyuma yake shangazi, mkono begani mwa mama, jicho moja likiwa na ukungu. Mkutano ulikuwa umeisha mapema kwa sababu mhubiri hakufika, nao wakaamua kupitia kwangu.

"Wakya," mama akanisalimia kwa Kikamba.

"Aa," nikaitikia, na sauti yangu ikatoka kama ya mtoto.

Mwalimu alificha glasi nyuma ya mto wa kochi, yeye mwanamke wa miaka arobaini na mitano mwenye watoto wa chuo. Mume wake alisimama akafunga kifungo cha koti. Mimi nilinyakua kitambaa cha meza nikazifunika chupa, ambazo sasa zilionekana kama chupa tano zilizofunikwa kitambaa.

Mama alitazama mapazia, ndoo, glasi, akamwongoza shangazi mpaka kwenye kiti, naye akaketi karibu na meza. Nilingoja anikemee, nami nilikuwa nimeshaanza kupanga maneno ya kuomba radhi. Badala yake aliinua kitambaa kwa vidole viwili.

"Hizi zimefungwa gazeti kwa nini?"

"Ni mchezo, mama. Wanabahatisha ni zabibu gani."

"Na hiyo ndoo?"

"Wanatema. Hawanywi."

"Wanatema," akarudia. Akafikiri. "Kama ni kutema, basi si kunywa."

Akachukua glasi ya nambari moja iliyokuwa mbele yake, akaishika chini kabisa, kwenye mguu wake, jinsi ambavyo ilinichukua wiki nzima kuwafundisha vijana wa hotelini. Akaizungusha mara moja. Akaingiza pua, akafumba macho, akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akatia mdomoni kidogo, akavuta hewa kwa meno ikatoa mlio, akageuza kichwa na kutema. Mate yale yalikwenda mstari mmoja mwembamba, yakatua katikati ya ndoo, umbali wa hatua mbili, bila tone kuanguka sakafuni.

Nimewaona watu waliosomea Ulaya wakitema vibaya kuliko hivyo.

"Lete nyingine," akasema.

Nilimmiminia. Alionja ya pili, ya tatu, akarudia ya kwanza, akaenda ya nne, ya tano, akarudi kwenye ya pili. Daktari alikuwa ameacha kipande cha nyama karibu na mdomo.

"Hii," akasema akigusa nambari mbili, "iko ndani ya hii." Akagusa tano. "Huku iko peke yake. Huku ameongezewa mtu wa kumshikilia asilegee."

"Ndiyo," nikasema. Merlot, na mchanganyiko wa upande wa kulia.

"Na hii." Akagusa nambari tatu. "Imechanganywa. Ya kwanza imo ndani, na ya pili imo, lakini ya kwanza ndiyo mkubwa wa nyumba."

"Hapana, mama. Tatu ni aina moja tu. Michanganyiko ni nne na tano."

"Nne ndiyo iko peke yake. Haifanani na yeyote hapa. Inanuka shina la nyanya ukilivunja."

"Mama, mimi ndiye niliyezifunga."

"Basi fungua."

Nilichana gazeti la nambari tatu. Ilikuwa chupa ya Bordeaux, upande wa kushoto, lebo na picha ya jumba lake. Nilichana la nambari nne. Cabernet Franc. Simu ya muuza nyama. Nilikuwa nimebadilisha chupa mbili, na kwa nusu saa nzima nikawalazimisha watu watafute pilipili hoho mahali ambapo haikuwepo. Mume wa mwalimu alipiga goti lake kofi: "Nilisema ni penseli!" Lakini mimi sikuwa namtazama. Nilikuwa namtazama mama, aliyekuwa anapangusa midomo na pembe ya leso yake, na nilihisi kana kwamba mtu mwingine ameingia nyumbani mwangu amevaa nguo zake.

Shangazi ndiye aliyecheka. Kicheko chembamba, cha kizee.

"Pua bado iko, wifi," akasema.

"Nyamaza," mama akamwambia.

"Pua gani?" nikauliza.

"Huyu hujamjua. Upande wetu wote wa Kitui, hakukuwa na msichana wa kutengeneza kaluvu kama huyu. Watu walikuwa wanavuka mto kumfuata."

Kaluvu ni ile pombe yetu ya asali. Wengine wanaiita muratina. Nilimgeukia mama nikisubiri akane. Alikuwa ameangalia mikono yake.

"Mama?"

"Ilikuwa kazi," akasema hatimaye. "Mama yangu alikuwa mgonjwa, na sisi hatukuwa na shamba la maana. Nilijifunza nikiwa na miaka kumi na sita."

Akaanza kueleza, polepole, kwa Kiswahili chake cha kanisani, kwa sababu ya daktari ambaye si Mkamba. Kibuyu kikubwa kinawekwa karibu na moto, si karibu sana. Vipande vya tunda la mvungunya vilivyokaushwa vinatiwa ndani ili kuamsha asali. Lakini siri yake ilikuwa asali yenyewe. Kuna asali ya maua ya migunga, baada ya mvua, nyepesi, yenye harufu nzuri, ila haina nguvu. Kuna asali ya kiangazi, nyeusi, chungu kidogo. Wengine walitumia yoyote waliyopata. Yeye alitengeneza kila moja katika kibuyu chake, akaonja kila siku, akatema, kwa sababu ukimeza asubuhi jioni huwezi kujua kitu. Zikiwa tayari ndipo alipozichanganya.

"Hata sisi tulikuwa tunachanganya," akasema, akiigusa ile chupa ya Ufaransa kwa kidole. "Hawa hawakutuzidi kitu."

Mwalimu alikuwa ametoa glasi yake nyuma ya mto. Nadhani alikuwa na furaha kubwa, kama sote, furaha ya watu walioponea ajali. Hata mimi nilianza kucheka. Nikauliza, bila kufikiri, "Na uliacha lini? Ulipookoka?"

Shangazi aliacha kucheka.

"Mwambie," shangazi akasema. "Ameshakuwa mzee na yeye."

"Kuna wageni."

"Wageni si watoto."

Mama alivuta Biblia mapajani mwake akaishika kwa mikono miwili. Akasema kwamba kulikuwa na mwanamume mmoja, mkulima, kijana bado, aliyekuja kunywa kwake alasiri moja ya Novemba. Siku hiyo alikuwa amefungua mchanganyiko mzuri kuliko yote aliyowahi kutengeneza, na mkali. Mwanamume huyo aliusifu mbele ya watu. Akaondoka jioni kuvuka Tiva kwenda kwake. Mchanga wa mto ulikuwa mkavu. Lakini mvua ilikuwa imenyesha mbali, milimani, na mto uliteremka kwa ghafla jinsi unavyoteremka. Walimpata siku ya pili, chini kabisa, amekwama kwenye mizizi.

"Aliacha mke na watoto watatu," mama akasema. "Nilivunja vibuyu vyote. Siku ya tatu nikachukua jembe nikaenda kwa huyo mke, nikamlimia. Sikumwambia kitu. Nililima tu. Niliendelea mpaka nikaolewa na baba yako, aliyekuwa fundi wa kujenga shule pale. Nilimwambia yote kabla hajanioa. Yeye ndiye aliyesema tutamsaidia huyo mama hata tukihamia Makueni, na watu wakiuliza tutasema ni dada yake."

Nilimsikia. Nilielewa kila neno. Bado ilinichukua muda kabla ya kichwa changu kugeuka na kumtazama yule mzee aliyekaa kwenye kiti cha pili.

"Shangazi?" nikasema.

"Mimi ndiye huyo mke," akasema.

Nililala kitanda kimoja na binti zake. Waliniita binamu. Kwenye mazishi ya baba alikaa mstari wa mbele na ndugu za baba, akalia kama dada anavyolia. Nilikaa sakafuni pale pale niliposimama, karibu na ndoo.

Daktari wa mifugo alikuwa mtu wa kwanza kurudiwa na akili. Aliinuka, akawashukuru wazee, akasema ana ng'ombe wa kuangalia. Mwalimu alinishika bega, akamvuta mumewe, nao wakatoka. Tukabaki watatu. Nje mtu alikuwa anauza sukuma wiki kwa kipaza sauti.

Nilidhani yamekwisha. Nilikuwa natafuta la kumwambia mama, kwamba haikuwa kosa lake, kwamba mto ni mto. Lakini shangazi, sikuwa na jina lingine la kumwita, alikuwa anasugua magoti yake kwa viganja, mbele na nyuma, mbele na nyuma.

"Wifi," akasema. "Hakulewa."

Mama akainua uso.

"Siku hiyo alifika nyumbani. Alivuka salama. Alikuja akitembea sawa sawa, na kibuyu kidogo mkononi, cha kaluvu yako, ameniletea mimi nionje. Tukagombana. Nilimwaga hicho kibuyu mlangoni. Nikamwambia, rudi huko ulikotoka, kwa hao wanawake wako wa pombe. Akageuka akarudi. Mto ulimkuta akirudi kwako, si akitoka kwako."

Biblia ilimteleza mama mapajani ikaanguka sakafuni.

"Ulijua," mama akasema.

"Nilijua."

"Miaka yote hii."

"Ulikuja na jembe siku ya tatu. Nilikuwa na watoto watatu na sina nguvu ya kusimama. Ningekwambia nini? Nikwambie, nenda, ni mimi? Nilisema nitamwambia mwaka ujao. Halafu mwaka ujao. Halafu ukawa ndugu yangu, nikaogopa."

Katika maisha yangu sijawahi kumwona mama akikasirika. Hukemea, hunyamaza, huomba. Jioni ile alisimama, na uso wake ulikuwa uso nisioujua. Aliokota Biblia. Nilimshika mkono nikimwambia akae, anywe chai, naye akautoa mkono wake taratibu kama anayetoa uzi kwenye mwiba.

"Nilikuwa namwota," akamwambia shangazi, "mpaka juzi. Nilikuwa namwota akija kwangu na mchanga mdomoni."

Akatoka. Nilimfuata mpaka barabarani. Aliita boda boda, akakaa upande, akamwambia kijana aende. Hakugeuka nyuma.

Shangazi alibaki kwangu. Sikujua la kufanya zaidi ya hilo. Nilimkasirikia, kisha nikamwona anapapasa ukuta akitafuta mlango wa choo, nikamshika mkono. Nilimpeleka hospitalini kwa upasuaji, nikamrudisha, nikamtia dawa ya matone. Tuliongea juu ya unga na hali ya hewa. Mara mbili nilishuka bondeni kumwona mama. Mara zote alinikaribisha vizuri, akanipa uji, akaniuliza habari za mikate, na nilipotaja Kitui aliinuka kwenda kuangalia kuku. Kanisani alisema anaumwa, akaacha kuongoza akina mama. Niliogopa. Nilimwambia mwalimu kwamba nimevunja maisha ya watu wawili kwa chupa tano, naye akasema chupa hazikumwambia mtu arudi mtoni.

Wiki ya nne, Jumanne asubuhi, nilikuwa nakanda unga nikasikia pikipiki ikizima nje. Mama aliingia na gunia dogo la mbaazi mbichi. Alinisalimia, akapita moja kwa moja mpaka uani ambako shangazi alikuwa anaota jua, akavuta stuli, akalifungua lile gunia katikati yao. Akaanza kuambua. Baada ya muda shangazi naye akanyoosha mkono, akachukua konzi moja, akaanza.

Niliwatazama kupitia dirisha la jikoni. Waliambua karibu nusu gunia.

"Mligombana juu ya nini hasa?" mama akauliza.

"Blanketi."

"Blanketi?"

"Nilimwambia anunue blanketi la watoto. Akaja na kibuyu."

Mama aliacha mikono ikae juu ya mapaja. Mabega yake yakaanza kutikisika, na nilidhani analia, nikatupa unga nikakimbilia mlangoni. Sijui mpaka leo alikuwa analia au anacheka. Shangazi naye alikuwa vivyo hivyo, ameinama, maganda ya mbaazi yamemjaa kwenye sketi.

"Mimi sitasema leo kwamba nimekusamehe," mama alisema alipoweza kusema. "Ukisikia nimesema, ujue nadanganya."

"Sawa."

"Nitasema nimekuja."

"Nimekuona umekuja," shangazi akasema. "Kwa hili jicho jipya nimekuona tangu mlangoni."

Mama alikaa mpaka saa kumi. Alipoondoka alimwambia shangazi kwamba kama anarudi Kitui wiki ijayo, asipande gari peke yake, watakwenda wote, kwa sababu kuna kaburi ambalo yeye hajawahi kuthubutu kulikaribia na sasa anataka kulipalilia. Mimi nilisema nitawasindikiza. Wakanitazama wote wawili kwa pamoja, wakasema hapana, wewe baki na mikate yako.